Kampala: Nani azoe taka za jiji, mamlaka au kampuni binafsi?

Tarehe 10 Agosti 2024, kufuatia mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka katika dampo la Kiteezi, kaskazini mwa jiji la Kampala, ukafukia nyumba, mifugo na watu waliokuwa ndani ya makazi yao. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni aliwafuta kazi viongozi wa juu wa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), na swali ambalo mji mkuu huo wa Uganda umekuwa ukilizunguka kwa zaidi ya miaka 20 likaibuka upya: je, kazi ya kuzoa taka ibaki mikononi mwa jiji, au wakabidhiwe wakandarasi?

Swali hilo si geni, na jibu lake halijawahi kuwa la upande mmoja. Halmashauri ya jiji ya zamani ilikuwa ikizoa taka yenyewe kwa kuweka makontena makubwa kandokando ya barabara. Kanuni zake za mwaka 2000 kuhusu taka ngumu zilimtwisha anayezalisha taka wajibu wa kuziondoa au kumlipa wa kuziondoa, na kampuni binafsi zikapata nafasi. KCCA iliyochukua uongozi wa jiji mwaka 2011 iliendeleza mkondo huo kwa kuligawa jiji katika kanda na kuzikabidhi kwa wakandarasi wanaotoza ada kwa wateja wao, huku magari ya mamlaka yakiendelea kuhudumia masoko, barabara na mitaa ya watu wa kipato cha chini bila malipo.

Hapo ndipo penye kiini cha mvutano. Mkandarasi anayeishi kwa ada hufuata mahali ada ilipo. Katika vilima vya Kololo na Nakasero barabara ni pana, nyumba zina mageti na mwenye nyumba hulipa kila mwezi. Gari hujaa upesi na faida huonekana. Huko Bwaise au Katwe, mabondeni, vichochoro havipitishi lori, mpangaji wa chumba kimoja huhesabu kila shilingi, na taka hutoka kidogo kidogo katika mifuko ya plastiki. Mamlaka hubaki na sehemu ngumu ya kazi isiyoingiza fedha, ilhali sehemu yenye fedha imekwenda kwa wengine. Watetezi wa wakandarasi nao wana hoja yenye nguvu: magari ya serikali yakiharibika hukaa gereji yakisubiri vipuri na idhini ya malipo, lakini gari la mfanyabiashara lisipotembea mwenyewe halali usingizi.

Mikataba ya namna hii huwa na sura mbili kuu. Katika ya kwanza, jiji humlipa mkandarasi kwa kila tani anayofikisha dampo. Mpango huo humwezesha kuingia hata mitaa ya maskini, kwa kuwa anayelipa si mkazi, lakini unahitaji mizani inayoaminika langoni mwa dampo na mhasibu asiyehongeka, kwa sababu mchanga na maji navyo vina uzito. Katika ya pili, mkandarasi hupewa eneo na haki ya kutoza wakazi wake. Jiji halitoi hata senti, na kwa hiyo wanasiasa huupenda. Ila asiyelipa hapelekwi mahakamani kwa urahisi, na taka zake huishia mtaroni.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaifahamu hadithi hii. Mwaka 1992 jiji hilo lilikuwa likizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Mwaka 1994 kampuni moja binafsi ilipewa kata 10 za katikati ya jiji. Mji ulianza kusafika, lakini ukusanyaji wa ada ukawa mzigo, kwani wengi waliona kulipia taka ni jambo la ajabu. Kufikia mwishoni mwa muongo huo kata zilikuwa zikigawiwa wakandarasi wengi, vikiwamo vikundi vya wakazi wa mitaa hiyohiyo, ambao angalau walijua ni mlango upi wa kubisha na saa ngapi mwenye nyumba hupatikana.

Kampala ina ugumu mwingine unaotoka jikoni. Sehemu kubwa ya taka zake ni maganda ya matoke na mabaki ya vyakula vibichi. Taka hizo ni nzito kwa sababu ya maji, huoza haraka, hutoa gesi ya methani na hudhoofisha lundo zinapopangwa bila kushindiliwa. Maganda hayo yangeweza kulisha ng'ombe na nguruwe au kuwa mbolea, na baadhi ya wafugaji huyafuata sokoni. Hata hivyo, mkandarasi anayelipwa kwa tani hana sababu ya kutamani yapungue, na anayelipwa ada hana sababu ya kuyatenganisha, isipokuwa mkataba umwamuru.

Mjadala wa magari pia huficha suala la dampo lenyewe. Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 na lilikuwa limekwisha kujaa miaka kadhaa kabla ya kuporomoka. Ardhi ya kujenga dampo jingine ilinunuliwa zamani huko Ddundu, wilayani Mukono, lakini haikuendelezwa. Taka zikipelekwa mbali zaidi, kila safari hula mafuta mengi na gari hufanya safari chache kwa siku. Gharama hiyo lazima imwangukie mtu, awe mlipakodi au mwenye nyumba, na hakuna aina ya mkataba inayoifuta.

Zisizozolewa nazo hazitulii. Mvua huzisukuma hadi mfereji wa Nakivubo, unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Murchison, sehemu ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, ndiko mitambo inakovuta sehemu ya maji ya kunywa ya Kampala.