GUNDI YA SUPAGLU NA NGUO ZA PAMBA: HATARI YA KUUNGUA KWA WATOTO

Wazazi, walezi na watumishi wa Serikali wa Unguja na Pemba wanatanabahishwa juu ya hatari isiyojulikana na wengi, nayo ni mtoto kuungua kwa gundi pasipo moto wala maji ya moto. Gundi inayokusudiwa hapa ni ile inayokamata papo hapo, iitwayo kwa kawaida supaglu, ambayo huuzwa madukani katika vichupa vidogo na hutumika majumbani kuunga champali, vyombo, michezo ya watoto na hata kucha za bandia.

Gundi hiyo hutengenezwa kwa kemikali iitwayo sayanoakrileti. Iligunduliwa nchini Marekani na Harry Coover, mtaalamu wa kampuni ya Eastman Kodak, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Tofauti na gundi nyeupe ya maji, ambayo hukauka kwa maji yake kutoka polepole, supaglu huganda inapokutana na unyevu. Unyevu mdogo uliomo hewani au juu ya ngozi unatosha. Katika kuganda huko, kemikali hiyo hutoa joto.

Tone moja likidondoka kidoleni, joto lake huwa dogo na hutawanyika upesi, na mtu husikia fukuto tu au asisikie kitu. Hali huwa nyengine kabisa gundi inapomwagikia nguo ya pamba. Nyuzi za pamba huinyonya gundi na kuieneza mahali pakubwa, na zenyewe zina unyevu ndani yake. Hivyo gundi yote huganda kwa mara moja. Joto lote hutoka katika muda mfupi, na mara nyengine moshi huonekana. Iwapo nguo hiyo imegusana na mwili, ngozi iliyo chini yake huungua. Sufu nayo huweza kuleta athari kama hiyo.

Madaktari wa Uingereza, miongoni mwa wengine, wameandika katika majarida ya tiba juu ya watoto walioungua kwa njia hii baada ya kuimwaga gundi juu ya nguo walizovaa. Visiwani kwetu jambo hili linastahiki kuzingatiwa zaidi, kwani pamba ndiyo vazi letu la kila siku: kanga, kanzu, winda la mtoto mchanga na shati la skuli. Mama anayeunga champali huku amempakata mwanawe juu ya kanga hana habari kwamba kichupa kikipinduka mapajani, wote wawili wamo hatarini. Na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Huungua upesi na kwa kina kuliko ya mtu mzima.

Madhara huzidi kwa sababu ya kutojua. Mzazi huona gundi imeshika tu, akangoja ibanduke yenyewe, au akaivuta kwa nguvu na ngozi ikatoka pamoja nayo. Kumbe chini ya gundi iliyoganda pana jeraha la moto, ambalo likifika ndani huweza kuhitaji mtoto apandikizwe ngozi. Kilio cha mtoto kisipuuzwe kwa kuwa hakuna moto ulioonekana.

Gundi ikimwagikia nguo ya mtoto, yafanywe yafuatayo:

(a) Nguo itengwe na mwili mara moja. Ikiwa haijashika ngozi, ivuliwe au ikatwe kwa mkasi. Ikiwa imekwisha kushika, isivutwe. Ikatwe kuizunguka sehemu iliyoshika.

(b) Mahali palipoungua pamiminiwe maji mengi safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji hayo bado yana faida. Sehemu nyengine za mwili zifunikwe ili mtoto asishikwe na baridi.

(c) Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Lisipakwe dawa ya meno, samli, yai, chumvi wala mafuta ya taa. Gundi isifutwe kwa pamba, kwani kufanya hivyo ni kuongeza joto.

(d) Mtoto apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na mhudumu aelezwe kwamba ni gundi, ilimwagikia nguo gani na wakati gani. Kichupa nacho kichukuliwe.

Aidha, vidole vikigandana pasipo kuungua, viroweshwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishwe polepole kwa kuvisugua, si kwa kuvivuta. Midomo ikigandana, ilowanishwe kwa maji ya vuguvugu na isilazimishwe kufunguka. Mtoto aangaliwe asije akapaliwa na kipande cha gundi.

Ama jicho, lina hukumu yake. Baadhi ya vichupa vya gundi hufanana na vya dawa ya matone ya macho, na wako watu waliojitia gundi wakidhani ni dawa. Jicho lioshwe kwa maji mengi ya vuguvugu, kope zisifunguliwe kwa nguvu, na dawa ya kufutia rangi ya kucha isikaribishwe kabisa. Mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, hata kama maumivu ni madogo, kwa sababu gundi iliyoganda huweza kukwaruza kioo cha jicho.

Kujikinga na yote hayo hakuhitaji gharama. Gundi iwekwe juu, ndani ya kabati lililofungwa, mbali na dawa. Itumiwe mezani, dirisha likiwa wazi, na mtoto asiwepo mapajani wala karibu. Kichupa kilichotumika kifunikwe na kutupwa mahali ambapo watoto hawafiki, kwani tone lililobaki ndani nalo ni gundi. Wakuu wa skuli na wa maofisi wanaombwa wasiiache gundi hii juu ya meza, wala wanafunzi wasipewe kwa kazi za mikono. Kwa kazi hizo gundi nyeupe ya maji inatosha.

Masheha na walimu wa vyuo vya Kurani nao wanaombwa kuufikisha ujumbe huu kwa wasiousoma. Hadhari kabla ya athari.