Kwa Nini Unataka Kusomea Maendeleo?

Kila msimu wa maombi ya vyuo unapofika, vijana wanaotaka kusomea maendeleo ya kimataifa hutakiwa kueleza kwa maandishi kilichowasukuma. Majibu yao hufanana. Mmoja anaandika kwamba amekulia katika kijiji kisicho na zahanati, mwingine kwamba anataka kulipa fadhila kwa jamii iliyomlea, mwingine kwamba umaskini unamuuma tu. Hakuna sababu ya kuwashuku, maana wengi wao wanasema kweli. Lakini swali lile ni zito kuliko linavyojibiwa. Nia anayoingia nayo mtu katika taaluma hii ndiyo itakayoamua atauliza nini, atamsikiliza nani, na atafanya nini siku ushahidi ukimwonyesha kwamba mradi alioupenda haukumfaa mtu yeyote. Hoja yangu ni kwamba huruma inamfaa maskini pale tu inapomfanya msomi akubali kukosolewa na maisha ya maskini mwenyewe. Huruma isiyokubali hilo imekwisha kuleta hasara kubwa, na alama zake bado ziko Kongwa, mkoani Dodoma.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na wapangaji waliahidi kwamba mradi huohuo ungemletea Mwafrika kilimo cha kisasa. Wanajeshi wengi waliotoka vitani walijitolea kuja, na hatuna haki ya kusema wote walifuata maslahi. Wapo walioamini kwa dhati kwamba wanakuja kushinda njaa. Walianzia Kongwa, kwenye ardhi ya Wagogo, ambako mvua ni haba na haitabiriki. Mibuyu iliwashinda, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja vyuma vya mitambo. Ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wataalamu hawakukosekana pale, wala fedha, wala ari. Wagogo, ambao kwa vizazi walikuwa wakihesabu miaka yao kwa njaa na ukame, ndio ambao hawakuulizwa.

Linganisha na jinsi mtu mwingine alivyoingia katika taaluma hii. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mjini Dhaka, wakati wa ghasia za Wahindu na Waislamu mwaka 1944, kibarua mmoja Mwislamu aliingia getini kwao akivuja damu, amechomwa kisu mgongoni. Mkewe alikuwa amemsihi asiende mitaa ile ya Wahindu. Alikwenda kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula, na kazi ilipatikana huko. Alifia hospitalini. Mwaka mmoja kabla, Sen alikuwa ameshuhudia njaa ya Bengal, iliyoua watu kati ya milioni 2 na 3. Ni urithi wa kutosha wa uchungu kumfanya mtu atoe machozi na sadaka maisha yake yote. Yeye aliugeuza kuwa swali: je, chakula kilikuwa kimekwisha kweli? Katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa alionyesha kwamba mwaka ule wa 1943 Bengal haikuwa na chakula kidogo kuliko mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kilichotokea ni kwamba bei ya mchele ilipaa na ujira wa vibarua ukabaki chini. Wavuvi waliumia. Hata vinyozi waliumia, kwa sababu mtu mwenye njaa huahirisha kunyoa. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa serikali yoyote kujificha nyuma ya ukame na kusema njaa ni kudra. Ilibidi kuuliza nani amepoteza uwezo wa kununua, na lini.

Swali la namna hiyo huokoa maisha hata likiwa dogo. Miaka ya 2000 kulikuwa na mabishano makali juu ya vyandarua. Watu wa heshima, tena wenye nia njema kabisa, walishikilia kwamba cha bure hakithaminiwi: mama akipewa chandarua bila kulipa atakigeuza wavu wa kuvulia, lakini akikilipia hata kidogo atakitundika. Hoja ilisikika ya busara. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliamua kuipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki zilipangiwa bei kwa kura: nyingine zikagawa bure, nyingine zikauza kwa bei ya ruzuku, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40 za Kenya. Kisha watafiti wakaenda majumbani kuangalia kama chandarua kipo juu ya kitanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba bei ilipofika shilingi hizo 40, wanawake 60 hivi katika kila 100 hawakukichukua, ilhali wangekichukua kama kingekuwa cha bure. Na waliopewa bure hawakuwa nyuma ya walionunua katika kukitumia. Vilevile huko Rarieda, katika Kaunti ya Siaya, familia zilizopewa fedha taslimu bila masharti hazikuongeza matumizi ya pombe, kinyume cha hofu iliyozoeleka. Nyingi zilinunua mabati na mifugo. Nasisitiza mifano hii kwa sababu dharau dhidi ya maskini mara nyingi huvaa vazi la ushauri mwema, na ni kipimo pekee kinachoweza kulivua.

Kipimo hicho hakimbembelezi mtu yeyote, hata shujaa. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi nchini Bangladesh, aliona jinsi mafundi wa kijiji cha Jobra walivyonaswa na wakopeshaji, akatoa dola 27 za mfukoni mwake kuwakopesha watu 42. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 benki hiyo na Yunus wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ni vigumu kupata mwanzo mzuri kuliko huo. Hata hivyo, tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka nchi zikiwamo Ethiopia, India na Morocco, ziligundua kwamba mikopo midogo ilisaidia kwa kiasi, ikiwapa watu uhuru zaidi wa kupanga biashara zao, lakini kwa wastani haikuwatoa kwenye umaskini. Msomaji wa Tanzania anayejua mikopo ya kausha damu inavyowaacha akina mama bila godoro wala televisheni hatashangaa. Mwanafunzi aliyekuja chuoni kwa kumpenda Yunus ana mtihani hapo. Akizikataa tafiti hizo ili kulinda mapenzi yake, aliyempenda hakuwa maskini.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mazungumzo ya bure, kwa kuwa vijana wengi hufuata mshahara wa mashirika, magari makubwa na posho za semina. Wapo kweli. Lakini daktari anayependa mshahara anaweza kutibu vizuri endapo kazi yake inakaguliwa, na mshahara mzuri si dhambi kwa mtoto wa mkulima aliyesomeshwa kwa kuuza ng'ombe. Nia mchanganyiko ndiyo hali ya kawaida ya binadamu.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema umaskini hupunguzwa na ukuaji wa uchumi. Wanaionyesha China, ambako kwa muda wa miaka 40 watu karibu milioni 800 walitoka kwenye umaskini uliokithiri, zaidi kwa viwanda na mageuzi ya kilimo kuliko kwa misaada. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na kozi ya maendeleo isiyofundisha viwanda, biashara na kodi haifai. Ila ukuaji wenyewe haujielezi. Kati ya mwaka 2001 na 2007 uchumi wa Tanzania ulikua kwa takriban asilimia 6 hadi 7 kila mwaka, lakini kwa hesabu za wakati ule umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu. Uchumi ulikuwa ukikua katika madini, ujenzi na mawasiliano, huku wengi wa maskini wakiwa shambani na jembe la mkono. Lazima awepo mtu wa kuliona pengo hilo na kulifuatilia wilaya kwa wilaya, na mtu huyo hufunzwa chuoni.

Linabaki lalamiko la wanavijiji wenyewe, nami naliona ndilo la haki kuliko yote. Mtafiti huja na dodoso, humkalisha mama saa mbili akimuuliza idadi ya milo, kuku na madeni, kisha huondoka na shahada yake, na ripoti hukaa maktabani kwa Kiingereza. Aliyetoa majibu hana njia ya kujua yalisemwa nini juu yake, wala kusema kwamba yalisemwa vibaya. Ikiwa utayari wa kukosolewa ndio kiini cha nia njema, basi ukosefu huu si wa adabu tu. Unaharibu elimu yenyewe. Vyuo vyetu vinaweza kuurekebisha bila kusubiri mfadhili. Kabla ya tasnifu kupokelewa, mwanafunzi awe ameandika muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ameupeleka katika ofisi ya kijiji alikofanyia kazi, ameusoma mbele ya mkutano, na ameambatisha kwenye tasnifu yake pingamizi alizopewa pale.