Nyumba Moja, Kaya Nyingi: Wapangaji wa Dar es Salaam na Kodi ya Jengo

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Idadi kubwa ya wakazi hao huishi katika nyumba za kupanga zinazomilikiwa na watu binafsi.

Kitakwimu, kaya ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja na kuchangia mahitaji ya msingi, hususan chakula. Hivyo, nyumba moja ya Kiswahili huko Tandika, Mbagala au Mwananyamala, yenye vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido, inaweza kuwa na kaya tano au zaidi, ikiwemo ya mwenye nyumba. Kaya hizo hutumia pamoja choo, bomba la maji na uani, lakini kila moja ina chungu chake.

Kaya ya mpangaji kwa kawaida ni ndogo: kijana anayejitegemea, au mume na mke wenye watoto wadogo, katika chumba kimoja au chumba na sebule. Wengi hutegemea kipato cha kila siku kutokana na biashara ndogondogo na vibarua, ilhali kodi ya pango hudaiwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au mwaka, pamoja na malipo ya dalali.

Mazingira hayo ndiyo yanayoibua swali la kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kiwango cha awali kwa nyumba ya kawaida kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kikapandishwa kuwa shilingi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo hukatwa kwenye mita, hivyo hulipwa kwanza na yeyote anayenunua umeme, hata kama ni mpangaji. Hata hivyo, mwenye wajibu wa kuilipa ni mmiliki wa jengo.

Kwa sababu hiyo, mpangaji anashauriwa kutunza risiti za LUKU na kukubaliana na mwenye nyumba namna ya kurejeshewa fedha hizo, ikiwemo kuzipunguza katika kodi ya pango. Makubaliano hayo yaandikwe katika mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, kwani maneno matupu ni vigumu kuyathibitisha mgogoro unapofikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.