Everlyn Nicodemus na Swali Alilotoka Nalo Darasani

Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973 na kusoma anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Elimu hiyo ilimtaka awatazame binadamu, hata wa kwao, kama kitu cha kuchunguzwa, nayo ikamkaa vibaya. Akashika brashi, na mwaka 1980 akafanya maonesho yake ya kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni rahisi kuikata safari yake vipande: kwanza mchoraji wa watu, baadaye msanii wa nguo na uzi, halafu mtafiti aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Middlesex mwaka 2012, kisha akarudi kwenye turubai. Mimi naona kazi moja tu. Muda wote amekuwa akijiuliza jinsi ya kuonyesha maumivu ya mtu bila kumgeuza mtu huyo kuwa kielelezo.

Kati ya mwaka 1984 na 1986 alizungumza na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, akawasikiliza, ndipo akachora na kuandika mashairi. Miili anayochora imeinama, viungo vyake vinaingiliana, na sura hazifanani na za mtu yeyote mahususi. Wapo watakaosema basi huyu hachori watu, maana mtu hutambulika kwa sura. Lakini tazama picha tulizozoea za wanawake wanaogonga mawe ya dhahabu hapa kwetu Geita: nyundo, vumbi usoni, mtoto mgongoni. Sura inaonekana vizuri kabisa, na bado mama mwenyewe hatumjui, kwa sababu aliyeichukua picha alipita tu. Nicodemus huificha sura ya aliyemwamini na kuyahifadhi aliyoambiwa. Uso aliouweka wazi ni wake mwenyewe, katika picha aliyojichora mwaka 1982 akiishi Åkersberga, Sweden, na hata hapo nyuso kadhaa zimepandana. Alipougua kutokana na ubaguzi wa rangi alioupata Ulaya, alichora mfululizo wa picha zaidi ya 80 unaoitwa The Wedding. Maumivu yaleyale yakampeleka kwenye utafiti, akaandika tasnifu kuhusu sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi. Sioni hapo mchoraji aliyeacha uchoraji.

Hoja nzito zaidi ni kwamba huyu ni msanii wa Ulaya, aliyetambuliwa na Ulaya. Ni kweli National Portrait Gallery ya London ndiyo iliyoinunua ile picha ya 1982, mwaka 2022, ikawa ya kwanza katika hazina yake kuchorwa na mwanamke mweusi akijichora mwenyewe. Na maonesho makubwa ya kazi zake za miaka zaidi ya 40 yalifunguliwa Edinburgh, anakoishi, Oktoba 2024. Mchimbaji yeyote wa hapa anayajua marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa ukaachwa, mwingine akaja kuuchenjua na kupata dhahabu. Dhahabu ilikuwamo tangu mwanzo. Dar es Salaam ilizitundika picha zake miaka 42 kabla ya ununuzi huo wa London, na wanawake wa Tanzania walikaa naye wakamweleza maisha yao. Kinachouma ni kwamba leo binti wa Nyarugusu, hapa Geita, anayetaka kusimama mbele ya picha ile ya 1982 atahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.