"Bomba Chafu": Kasoro ya Linux Iliyompa Mtumiaji wa Kawaida Mamlaka ya Msimamizi Mkuu

Na Mwandishi Wetu

Katika kila seva na simu janja ipo programu ya msingi iitwayo kiini cha mfumo endeshi, ambayo huamua nani asome faili lipi, nani aliandike na nani azuiwe. Mtumiaji wa kawaida hupewa haki chache. Msimamizi mkuu hana mpaka. Kasoro inayomwezesha wa kwanza kujitwalia mamlaka ya wa pili huogopwa mno na wataalamu wa usalama wa mtandao.

Mojawapo ilitangazwa Machi 7, 2022 na Max Kellermann wa kampuni ya CM4all ya Ujerumani, aliyeiita Dirty Pipe, yaani "Bomba Chafu". Imeorodheshwa kwa namba CVE-2022-0847.

Kellermann hakuwa akiwinda kasoro. Mwaka 2021 mteja alilalamika kuwa faili lililobanwa, lenye kumbukumbu za tovuti, halifunguki. Likarekebishwa, lakini tatizo likajirudia katika mafaili mengine. Hatimaye aliona kuwa baiti 8 za mwisho katika mafaili yaliyoharibika zilikuwa zilezile, nazo zilitoka kwa programu isiyo na ruhusa ya kuandika humo.

Chanzo ni hiki. Linux huweka nakala ya faili lililosomwa karibuni katika kumbukumbu ya kompyuta, ili lisisomwe upya kutoka diski. Programu hupashana data kwa njia iitwayo bomba, na ili kuokoa muda, kiini huweza kuliunganisha bomba na nakala hiyo moja kwa moja. Kuanzia toleo la 5.8, alama inayoruhusu data mpya kuongezwa palepale iliweza kubaki kutokana na matumizi yaliyotangulia, bila kufutwa. Data iliyoandikwa kwenye bomba ikaangukia juu ya faili. Mshambuliaji alihitaji ruhusa ya kusoma tu, na faili la akaunti za watumiaji husomwa na kila mtu.

Lenye kutia wasiwasi zaidi ni kwamba badiliko hilo huweza kubaki kwenye kumbukumbu pasipo kufika kwenye diski. Kompyuta ikizimwa, ushahidi hutoweka.

Simu mpya za Android kama Pixel 6 ziliathirika. Simu nyingi za zamani zilinusurika, si kwa ubora wake, bali kwa kuwa viini vyake vilitangulia toleo la 5.8.

Marekebisho, ambayo ni mistari michache tu, yalitolewa Februari 23, 2022 katika matoleo ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Msimamizi wa seva huona toleo lake kwa amri ya uname -r, ingawa baadhi ya wasambazaji wa Linux huingiza marekebisho bila kubadili namba hiyo, hivyo taarifa zao za usalama nazo zisomwe. Baada ya kusasisha, seva sharti iwashwe upya; vinginevyo kiini cha zamani huendelea kufanya kazi.