Kijana mlemavu naye hubalehe

Wazazi wengi hudhani kijana mlemavu akinuna ni kwa sababu ya ulemavu wake. Mara nyingi sivyo. Kati ya miaka 10 na 19 kila kijana, awe anatembea kwa magongo au anasakata kandanda, hujiuliza kama anapendeza na kama ana marafiki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kijana 1 kati ya 7 wa umri huo ana tatizo la afya ya akili.

Tofauti ipo. Ripoti ya UNICEF ya 2021 ilionyesha kwamba watoto walemavu walielekea zaidi, kwa asilimia 51, kujiona hawana furaha kuliko wenzao. Lakini sehemu kubwa ya huzuni hiyo hutokana na jinsi wanavyotendewa.

Mfikirie msichana wa miaka 15 anayetumia kiti cha magurudumu. Ndugu zake hutumwa dukani na hugombezwa wakivunja sahani; yeye hatumwi wala hagombezwi. Wageni wakimuuliza jambo, mama hujibu. Huruma hiyo (nyumbani huitwa mapenzi) humfundisha kwamba hatarajiwi lolote. Wala hakuna anayemweleza habari za hedhi au wavulana, kana kwamba hayamhusu!

Mpe kazi anayoiweza. Mwache achague nguo na marafiki. Akikosea, mgombeze. Lakini akikosa usingizi, akisusia chakula na kujitenga kwa zaidi ya majuma mawili, usisingizie ulemavu. Mpeleke hospitalini kama ambavyo ungempeleka ndugu yake. Akitaja kujiua, usingoje hata siku moja.