Ubanaji wa faili

Ubanaji wa faili ni kazi ya kuandika upya yaliyomo katika faili ya kompyuta kwa namna inayochukua nafasi ndogo kuliko awali. Kazi hiyo hufanywa na programu kama 7-Zip, WinRAR, PeaZip na gzip, pamoja na zana zilizomo tayari ndani ya Windows, macOS na Linux. Faili iliyobanwa huchukua nafasi ndogo kwenye diski, hutumwa kwa haraka zaidi na hula bando kidogo, lakini kabla ya kutumika ni lazima ifunguliwe, yaani irudishwe katika hali yake ya kwanza.

Nyingi za programu hizo hukusanya pia faili nyingi ndani ya faili moja, inayoitwa hapa kifurushi. Kukusanya na kubana ni kazi mbili tofauti, ingawa katika ZIP, RAR na 7z hufanyika pamoja. Kwenye mifumo ya aina ya Unix zimetenganishwa: tar hukusanya, kisha gzip au xz hubana. Ndiyo asili ya majina yenye viendelezi viwili kama .tar.gz.

Watumiaji wengi hubana faili, kisha hushangaa kuona kwamba ukubwa wake haujapungua. Mara nyingi kosa si la programu. Kiasi kinachookolewa hutegemea kwanza aina ya faili, halafu umbali ambao programu inaweza kutazama nyuma inapotafuta marudio. Kiwango cha ubanaji, ambacho watu hukikimbilia kwanza, huja baada ya hayo.

Jinsi unavyofanya kazi

Karibu programu zote za kawaida hutegemea mawazo mawili. La kwanza ni kutafuta marudio. Katika sentensi "watoto wanasoma na watoto wanacheza" kuna herufi na nafasi 35. Sehemu "watoto wana" ya pili haihitaji kuandikwa tena: programu huweka badala yake alama yenye maana ya "rudi nyuma nafasi 19, nakili herufi 11", kisha huendelea na "cheza". Sentensi moja haionyeshi faida kubwa, lakini katika kitabu kizima cha Kiswahili, chenye viambishi na viunganishi vinavyojirudia kila mstari, faida ni kubwa. Njia hii ilielezwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977, na kwa sababu hiyo huitwa LZ77.

La pili ni kugawa biti kwa kadiri ya matumizi. Katika maandishi ya kawaida kila herufi hupewa biti nane, iwe "a" ambayo imejaa kila mahali katika Kiswahili, au "x" ambayo haipatikani kabisa ila katika majina ya kigeni. David Huffman, alipokuwa mwanafunzi wa MIT, alibuni namna ya kuzipa alama za kawaida biti chache na za nadra biti nyingi bila zile za mwanzo kuchanganyikana na zinazofuata. Aliichapisha mwaka 1952. Algoriti ya DEFLATE, inayotumika katika ZIP, gzip na picha za PNG, ni LZ77 na Huffman zikifanya kazi pamoja.

Ubanaji wa aina hii haupotezi chochote: faili inayofunguliwa ni ileile biti kwa biti. Ubanaji wa JPEG, MP3 na video ni jambo jingine, kwa kuwa hutupa sehemu ambazo jicho au sikio halitazikosa sana, na zilizotupwa hazirudi.

Kwa nini faili nyingine hazipungui

Hakuna programu inayoweza kupunguza kila faili. Hesabu yenyewe haikubali. Faili tofauti zenye biti 10 ni 1,024, lakini faili zote zilizo fupi kuliko hizo, kuanzia biti 9 hadi faili tupu, ni 1,023 tu. Kama kila moja ya zile 1,024 ingefupishwa, mbili zingelazimika kuwa na sura moja, na programu isingejua irudishe ipi. Kwa hiyo tangazo lolote la programu inayopunguza kila faili kwa nusu ni la uongo.

Zinazopungua sana ni maandishi matupu, majedwali ya CSV, kumbukumbu za seva, picha za BMP na hifadhidata. Picha za JPEG, nyimbo za MP3 na video za MP4 zimekwisha kubanwa zilipotengenezwa. Marudio yake yameondolewa, na kuzibana tena huleta punguzo dogo sana au hata kuongeza baiti chache.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba faili za DOCX, XLSX, PPTX, ODT, EPUB na APK zenyewe ni vifurushi vya ZIP vyenye kiendelezi kingine. Nakala ya tasnifu.docx ikibadilishwa jina kuwa tasnifu.zip, hufunguka na kuonyesha folda zake, ikiwemo ile yenye picha. Ndiyo maana tasnifu ya megabaiti 40 ikitiwa katika ZIP ili ipite kwenye barua pepe ya Gmail, ambayo hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, hubaki karibu na megabaiti 40. Uzito uko katika picha. Dawa yake ni kupunguza vipimo vya picha ndani ya programu ya kuandikia, ambako kuna amri ya kufanya hivyo kwa picha zote mara moja. Vivyo hivyo kwa PDF iliyoskaniwa: ukurasa ulioskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi una nukta mara tisa ya ule wa nukta 200, na maandishi ya kawaida husomeka vizuri kwa nukta 200.

Dirisha, kamusi na kubana kwa pamoja

Hapa ndipo kuna faida ambayo mtumiaji wa kawaida huiacha mezani. DEFLATE hutazama nyuma kilobaiti 32 tu. Neno lililorudiwa baada ya umbali mkubwa zaidi ya huo huonekana kama jipya. Tena ZIP hubana kila faili peke yake, bila kujali iliyotangulia. Mtu mwenye nakala kumi zilezile za waraka wa megabaiti 3 akizibana kwa ZIP, atapata karibu megabaiti 30.

7z na RAR zinaweza kuunganisha faili zote kuwa mkondo mmoja na kuzibana kwa pamoja. LZMA, algoriti ya 7z, hutumia dirisha liitwalo kamusi, ambalo ukubwa wake hupimwa kwa megabaiti na huchaguliwa na mtumiaji. Nakala zilezile kumi zikibanwa hivyo, na kamusi ikiwa kubwa kuliko waraka mmoja, kifurushi hutoka na megabaiti 3 na ushee: nakala tisa zimegeuka kuwa alama za "rudi nyuma". Hata nakala zinazotofautiana kidogo hunufaika, kwa kuwa picha zilizomo ndani yake ni zilezile.

Kwa hiyo kamusi iwe kubwa kadiri ya jumla ya data inayobanwa, mradi kompyuta inamudu. Kupita hapo hakuna faida. LZMA huhitaji RAM ya takriban mara kumi ya kamusi wakati wa kubana, hivyo kamusi ya megabaiti 64 huweza kuchukua zaidi ya megabaiti 600. Wakati wa kufungua, RAM inayohitajika ni kama ukubwa wa kamusi yenyewe. Ni busara kukumbuka kompyuta ya mpokeaji, kwani huenda ni ya zamani kuliko ya mtumaji.

Faili za aina moja zikipangwa karibukaribu, marudio huonekana kwa urahisi zaidi. Picha na video ni afadhali ziwekwe katika kifurushi bila kubanwa kabisa. Programu karibu zote zina kiwango hicho, na huokoa dakika nyingi bila kupoteza chochote.

Tofauti za algoriti hupimwa mara nyingi kwa enwik8, faili yenye baiti 100,000,000 za mwanzo za nakala ya Wikipedia ya Kiingereza, iliyowekwa kuwa kipimo cha Tuzo ya Hutter mwaka 2006. Gzip katika kiwango chake cha juu huipunguza hadi baiti milioni 36.4 hivi, bzip2 hadi milioni 29, na xz, inayotumia LZMA, hadi milioni 24.8 hivi. 7-Zip ikitumia PPMd, algoriti inayokisia herufi ijayo kutokana na zilizotangulia, hufika karibu milioni 21. Kwa maandishi matupu PPMd mara nyingi huishinda LZMA, ingawa hufungua polepole sana. Wachache huijaribu, kwa sababu imefichwa katika orodha ya chaguo.

Kubana kwa pamoja kuna gharama. Kutoa faili moja ya mwisho hulazimu kupitia zote zilizotangulia katika mkondo, na baiti chache zikiharibika, faili zote zinazofuata humo zinaweza kupotea. Katika ZIP huharibika ile moja tu.

Usalama wa yaliyomo

ZIP huweka orodha ya faili mwishoni mwa kifurushi. Ndiyo sababu kifurushi kilichokatika wakati wa kupakuliwa hukataa kufunguka hata kama sehemu kubwa imefika. Programu za ukarabati huweza kuziokoa faili za mwanzo kwa kusoma vichwa vyake kimoja kimoja. Kila faili ndani ya ZIP ina pia namba ya ukaguzi ya CRC-32, inayotambua uharibifu lakini haiutengenezi. RAR inaweza kuongezewa rekodi ya ukarabati, ambayo huongeza ukubwa kidogo na kuweza kurudisha sehemu iliyoharibika. Kabla ya kufuta faili za asili, kifurushi kipimwe kwa amri ya majaribio iliyomo katika programu. Ni kazi ya dakika chache, na watu wengi hujifunza umuhimu wake wakiwa wamechelewa.

Nywila za ZIP zahitaji tahadhari. Usimbaji wa zamani wa ZIP ulionyeshwa kuwa dhaifu na Eli Biham na Paul Kocher mwaka 1994, na bado baadhi ya programu huutumia bila kumwuliza mtumiaji. Ni lazima kuchagua AES-256. Hata hivyo majina ya faili ndani ya ZIP ya kawaida hubaki wazi kwa kila anayekiona kifurushi: jina kama "matokeo_ya_vipimo_vya_damu.pdf" limekwisha kusema mengi. 7z na RAR zinaweza kuficha majina pia. Na data ihitajipo kubanwa na kufichwa, kubana hutangulia, maana data iliyosimbwa haina marudio tena.

Vifurushi kutoka kwa wasiojulikana vinaweza kuwa hatari. Faili iitwayo 42.zip ina kilobaiti 42 tu, lakini ikifunguliwa ngazi zake zote hufikia petabaiti 4.5. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kosa katika sehemu ya WinRAR iliyofungua vifurushi vya ACE. Kosa hilo liliruhusu faili kupandwa nje ya folda aliyochagua mtumiaji, na toleo la 5.70 liliondoa kabisa uwezo wa kusoma ACE.

Historia fupi ya miundo

ZIP ilitolewa mwaka 1989 na Phil Katz wa Marekani pamoja na programu yake PKZIP, baada ya mgogoro wa kisheria na kampuni ya SEA kuhusu muundo wa ARC. Katz aliuchapisha muundo wake ili yeyote autumie, na ndiyo sababu hadi leo kompyuta karibu zote zinaufungua. Alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 37. Gzip ilifuata mwaka 1992 kwa kazi ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, ili kukwepa hataza za algoriti ya LZW. RAR ya Eugene Roshal ilitoka mwaka 1993, na 7-Zip ya Igor Pavlov mwaka 1999. Zstandard ya Yann Collet, iliyotolewa na Facebook mwaka 2016, hufungua haraka sana na hutumika zaidi katika seva.

Windows imekuwa ikifungua ZIP yenyewe tangu enzi za XP, ilhali 7z na RAR ziliongezwa katika Windows 11 mwaka 2023 tu. Kwa kumtumia mtu ambaye kompyuta yake haijulikani, ZIP inabaki chaguo la kwanza, hata ikiwa nzito kidogo. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haikubali faili inayofikia gigabaiti 4, na hapo kifurushi hugawanywa vipande, kwa mfano .001, .002 na kuendelea. Mpokeaji lazima awe na vipande vyote katika folda moja ndipo afungue kile cha kwanza.